UZI: Agami, kulastara mwenye rangi nyingi wa misitu ya Amazoni ambaye hakuna aliyewahi kumhesabu

#1 Kipanga_Mweusi

Wakuu salaam.

Humu ndani tukifungua uzi wa ndege huwa ni tai, mbuni na heroe, tukimaliza hapo tunarudi kwenye siasa. Leo naomba tuvuke Atlantiki kidogo. Nataka kumzungumzia ndege wa ukoo wa kulastara na yangeyange anayeitwa agami, kitaalamu *Agamia agami*. Wenye haraka waishie hapa: ni kulastara mwenye rangi kuliko karibu wote duniani, anaishi kwenye eneo kubwa ajabu kuanzia Meksiko mpaka Bolivia, na bado wapo waongoza watalii wa huko wanaokaa misimu bila kumtia machoni.

Ukiwa umezoea kulastara wa kwetu, wa kijivu na weupe, huyu anakushtua. Mgongo na mabawa ni kijani kinachometameta. Tumbo na pande za shingo ni hudhurungi inayoelekea wekundu. Mbele ya shingo unashuka mstari mweupe, na pale shingo inapokutana na kifua kuna manyoya ya kijivu-samawati, utadhani amevaa kizibao. Kisogoni, wakati wa kuzaliana, anaota kishungi cha manyoya marefu membamba ya samawati mpauko. Uso ambao siku za kawaida ni wa njano unageuka mwekundu kabisa anapotafuta mwenzi. Akishaanza kulalia mayai mbwembwe zote hizo zinafifia.

Kimo si kikubwa. Urefu wake ni kati ya sentimita 66 na 76, uzito kama nusu kilo. Lakini angalia mdomo: unakaribia sentimita 14, yaani karibu moja ya tano ya mwili mzima. Shingo ndefu, mdomo kama mkuki, halafu miguu mifupi. Hapo kwenye miguu ndipo penye siri yake. Kulastara wengi wana miguu mirefu kwa sababu wanaingia majini na kutembea. Huyu haingii sana. Anasimama ukingoni, au juu ya gogo lililoanguka, au kwenye mizizi, chini ya matawi yaliyoinamia maji, amejikunyata na shingo ameikunja. Samaki akipita, shingo inafunguka yote kwa mara moja. Anakula samaki wadogo wa vijito vya msituni, na akipata chura au mjusi hamwachi.

Ukimtazama pichani, na rangi zote zile, utasema haiwezekani kumkosa. Kwenye kivuli cha msitu wa mvua, kijani kinakuwa majani, hudhurungi inakuwa matope, na ule mstari mweupe unakuwa mwanga uliopenya matawini. Mtumbwi unapita mita chache tu kutoka alipo na hakuna anayejua.

Aliandikwa kisayansi na Johann Friedrich Gmelin mwaka 1789, na mpaka leo yuko peke yake kwenye jenasi yake. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, mengi ya tunayoyajua kuhusu kuzaliana kwake yamepatikana karne hii. Nitaendelea na sehemu ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Wenye maswali wawahi.

#2 BintiMkwajuni

Nimeweka kambi hapa. Picha tafadhali mtoa mada, usituachie maneno matupu.

#3 Mzee_wa_Jahazi

Umenikumbusha yule kulastara mweusi wa huku kwetu anayefunika mabawa kama mwavuli ili samaki waje kivulini. Huyu wako naye anatumia kivuli, ila amekikuta tayari. Endelea kijana.

#4 Kipanga_Mweusi

Picha za watu siwezi kuzibeba tu na kuzimwaga hapa. Tafuteni jina la kitaalamu niliyoliandika juu, mtaziona za kutosha, na nyingi mtagundua zimepigwa sehemu zilezile chache. Hilo lina sababu yake, na ndiyo sehemu ya pili yenyewe.

Agami anaishi peke yake. Ukimkuta kwenye kijito, usitegemee wa pili karibu. Ila msimu wa kuzaa ukifika wanakusanyika, na wanakusanyika haswa.

Kuna nchi inaitwa Guyana ya Ufaransa. Iko Amerika Kusini, imepakana na Brazili na Suriname, lakini ni sehemu ya Ufaransa: wanatumia yuro, wanapigia kura bunge la Paris. Wengi mnaijua bila kujua kwamba mnaijua, kwa sababu kituo cha kurushia roketi cha Kourou kiko huko. Ile darubini ya anga ya James Webb ilirushwa kutoka pale siku ya Krismasi 2021. Kusini-mashariki ya mji mkuu, Cayenne, kuna bwawa kubwa la kinamasi linaitwa Kaw. Tangu 1998 ni hifadhi ya taifa, Kaw-Roura, karibu hekta 95,000. Hakuna barabara ya kuingia ndani, ni mtumbwi tu. Maji, majani yanayoelea, vichaka vilivyoota majini, na kaimani mweusi, ambaye ni ndugu wa mamba wa huko na anaweza kuzidi mita nne.

Ndani ya kinamasi hicho, watafiti walikuta koloni la agami lenye zaidi ya jozi elfu moja. Taarifa yake ilichapishwa kwenye jarida la ndege wa majini mwaka 2004. Kabla ya hapo kuna wataalamu waliokuwa wakiandika kwamba ndege huyu ni nadra tu na pengine hutaga kwa vikundi vidogo. Kumbe walikuwa wamejazana kwenye vichaka vya Kaw, viota vikiwa juu ya maji na kaimani wakizunguka chini. Usimwonee huruma kwa kuishi na kaimani. Nyani, nyoka na wanyama wa kupanda miti wanaotaka mayai lazima waogelee kwanza, na kuogelea pale ni kazi.

Anataga mayai mawili mpaka manne, ya rangi ya samawati-kijani. Makinda yakipata nguvu ya kuruka, wote wanasambaa. Baadhi ya watu wazima walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, na ikaonekana wanaondoka mbali na kinamasi, hawabaki jirani na koloni. Kwa hiyo yule unayemkuta peke yake kwenye kijito fulani, huenda alizaliwa kwenye kichaka kilichoko mbali sana na hapo, pamoja na maelfu.

Makoloni mengine yanajulikana, lakini machache na madogo. Lipo moja kwenye hifadhi ya Pacuare, pwani ya Karibi ya Kosta Rika. Lipo jingine Belize, kwenye ziwa dogo la Aguacate. Eneo lote kuanzia Meksiko mpaka Bolivia, na makoloni yanayojulikana ni ya kutaja kwa majina.

#5 FundiHesabu

Mtoa mada umeandika vizuri, ila kichwa cha habari chako kinasema hakuna aliyewahi kumhesabu, halafu nimesoma mahali kwamba mwaka 2012 aliwekwa kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kama spishi iliyo hatarini. Sasa ninyi watu wa mazingira mniambie: mtu hamjamhesabu, mnajuaje amepungua?

#6 ShambaniKwetu

Fundi umeanza 😂😂

#7 Kipanga_Mweusi

Swali halali kabisa, wala si la kuchekwa.

Mpaka 2011 agami alikuwa kwenye daraja la chini kabisa, la ndege ambao hali yao haitii wasiwasi. Mwaka 2012 BirdLife International, ambao ndio wanaotathmini ndege kwa ajili ya ile orodha, wakampandisha mpaka daraja la walio hatarini. Juu yake bado kuna madaraja mawili mabaya zaidi kabla ya kutoweka porini. Wala hakupanda peke yake, mwaka huo karibu spishi mia moja za ndege wa Amazoni zilipandishwa kwa pamoja.

Na hakuna aliyeenda kuhesabu. Walichofanya ni hiki: walichukua ramani ya mahali spishi inapoishi, wakailaza juu ya kielelezo cha kompyuta kinachokadiria msitu wa Amazoni utakavyokatwa, kilichokuwa kimechapishwa 2006. Halafu wakauliza, katika vizazi vitatu vya ndege huyu, kama miaka ishirini na kitu, ni sehemu gani ya makazi yake itakuwa imeondoka? Kwa agami jibu lilikuwa kati ya moja ya tano na robo hivi. Ukijumlisha na hofu ya kuwindwa na kusumbuliwa, akapita mstari.

Kwa hiyo ndiyo, ni hesabu ya msitu iliyovalishwa ndege.

#8 FundiHesabu

Asante kwa kusema ukweli. Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Kielelezo cha 2006 kilijengwa wakati ukataji Brazili uko kileleni. Taasisi yao ya anga, INPE, inapima kwa setilaiti kila mwaka na takwimu ziko wazi kwa kila mtu. Mwaka 2004 Amazoni ya Brazili ilipoteza kilomita za mraba 27,772. Mwaka 2012, mwaka huohuo mlioupandishia ndege wenu daraja, zilikuwa 4,571. Imeshuka zaidi ya mara sita! Yaani siku tangazo linatoka, kielelezo kilishapitwa na wakati. Mhandisi akileta hesabu ya namna hiyo kwenye daraja la magari tunamrudisha nyumbani.

#9 MwalimuJongo

FundiHesabu, umesimama pazuri, pale grafu iliposhuka. Endelea mbele. Mwaka 2021 INPE hao hao walipima kilomita za mraba 13,038. Imepanda karibu mara tatu kutoka 2012, halafu baadaye ikashuka tena. Hiyo inategemea nani yuko madarakani Brasilia na nani anasimamia sheria msituni. Daraja la magari halibadiliki kwa uchaguzi.

#10 FundiHesabu

Nakubali imepanda. Lakini bado hoja yangu ipo. Hatujui wako wangapi.

#11 Kipanga_Mweusi

Hatujui, na kwa ndege anayesimama kimya kivulini sidhani kama tutakuja kujua kwa kumtafuta kijito kwa kijito. Mimi nakubaliana na wewe kwamba hesabu ile ya msitu ni ya makadirio. Ninachokataa ni kwamba kwa sababu hiyo hakuna cha kuhofia. Hofu yangu iko kwenye koloni.

Fikiria hivi. Twiga wa mbuga nzima wakiwa wamesambaa, ugonjwa ukipiga kona moja, kona nyingine zinabaki. Agami amesambaa nusu ya bara miezi mingi ya mwaka, halafu anaweka uzao wake wote kwenye vichaka vichache. Kichaka kimoja kikiharibiwa mwezi wa kutaga, umepoteza kizazi cha mwaka mzima cha eneo ambalo hata mipaka yake huijui. Na hutaona pengo haraka, maana watu wazima bado wako vijitoni, wamesimama vilevile. Utakuja kuliona miaka kadhaa baadaye, wazee wanapokufa.

Mwaka 2015 wataalamu wa kulastara walio chini ya IUCN walitoa mpango mahsusi wa kumhifadhi agami. Kuyajua makoloni yako wapi na kuyalinda ni kati ya mambo ya mbele. Hapo hakuna haja ya kujua idadi ya dunia nzima. Unahitaji kujua vichaka.

#12 BintiMkwajuni

Na nani anaviharibu hivyo vichaka? Kama hakuna barabara na kuna mamba chini, nani anaenda?

#13 Kipanga_Mweusi

Dada, watu kama mimi wanaenda. Watalii na wapiga picha. Boti ikisogea sana, wazazi wanaruka wote kwa pamoja, mayai yanabaki wazi juani, mengine yanadondoka majini wakati wa purukushani, na ndege wanaokula mayai wanasubiri dakika hiyohiyo. Anayepiga picha anaondoka na picha nzuri bila kujua ameacha nini nyuma.

Halafu kuna maji. Kinamasi kikikauka kwa sababu ya mfereji au bwawa la umeme lililobadilisha mtiririko, kichaka kilichokuwa kimezungukwa na maji kinakuwa kichaka cha nchi kavu, na wapanda miti wanafika kwa miguu.

Na kuna dhahabu. Guyana ya Ufaransa ina wachimbaji haramu wengi msituni, na zebaki wanayotumia inaingia mitoni, inaingia kwa samaki, inaingia kwa anayekula samaki, awe ndege au mtu. Juu ya mlima wa Kaw wenyewe, unaoitazama hifadhi, kampuni ya Kanada ilitaka kufungua mgodi mkubwa wa dhahabu. Watu wa huko walipinga miaka mingi, na mwanzoni mwa 2008 serikali ya Ufaransa ikakataa kuutolea kibali.

#14 MwalimuJongo

Hapo kwenye zebaki watu wa Geita na Chunya wanaelewa bila kufafanuliwa.

#15 BintiMkwajuni

Na manyoya? Nilisikia zamani Ulaya wanawake walikuwa wanavaa kofia za manyoya ya ndege hawa hawa wa majini mpaka wakakaribia kuisha.

#16 Kipanga_Mweusi

Kweli, mwishoni mwa karne ya 19. Ila waliolengwa hasa ni yangeyange weupe, kwa yale manyoya laini ya mgongoni ambayo huota msimu wa kuzaa tu. Wawindaji walikuwa wanafuata koloni, wanaua wazazi, makinda yanakufa njaa. Florida yalifutika makoloni mazima hivyo, na Venezuela na Brazili nako waliuza sana. Waliolipinga kwa nguvu walikuwa wanawake wenyewe: chama cha kulinda ndege cha Uingereza kilianzishwa na wanawake 1889, na cha Massachusetts mwaka 1896. Baada ya sheria kubana na fasheni kubadilika, yangeyange walirudi kwa wingi.

Agami sidhani kama angevumilia biashara ile. Yangeyange akipoteza kinamasi anahamia jaruba la mpunga na maisha yanaendelea. Huyu bila kivuli cha msitu hana pa kwenda.

#17 ShambaniKwetu

Mimi ni mfugaji, nimekaa kimya nasoma. Hao yangeyange mnaosema ndio hawa wanaotembea na ng'ombe wangu kila asubuhi wakila panzi? Maana nilishawahi kumwona kwenye filamu ya wanyama ya Brazili, nikadhani wamekosea wakapiga picha Shinyanga.

#18 Mzee_wa_Jahazi

Hawakukosea. Yangeyange wa ng'ombe, tofauti na wale wa kofia, ni wa Afrika na kusini mwa Ulaya na Asia, na alivuka Atlantiki mwenyewe kwa mabawa yake. Kati ya 1877 na 1882 akaonekana pale mpakani mwa Suriname na Guyana. Yaani jirani kabisa na huko kwenye agami wa mtoa mada! Ikachukua miongo kadhaa kujijenga, lakini mwaka 1941 alishafika Florida, na leo yuko karibu bara lote. Pepo zinazovuma kutoka Afrika Magharibi ndizo zilizombeba, wataalamu wanavyoamini. Sisi watu wa bahari hatushangai, upepo ukikuchukua unafika.

#19 ShambaniKwetu

Ajabu hii! Na alikula nini huko msituni? Yeye bila ng'ombe ana njaa.

#20 Kipanga_Mweusi

Mkuu, hapo umegusa penyewe, na wala sikuwa nimepanga kulileta hili.

Yangeyange angefika miaka mia tatu kabla, pengine angekufa ufukweni. Alifika wakati watu walishaleta ng'ombe na kufyeka msitu kuwa malisho. Akakuta chakula chake kimeshatandikwa. Na mpaka leo, sehemu kubwa ya ardhi iliyofyekwa Amazoni ya Brazili imekuwa malisho ya ng'ombe. Kila kipande kinachomfungulia yangeyange mlango ni kipande kinachomfungia agami, kwa sababu kijito kilichokuwa chini ya miti sasa kiko juani, kingo zimekanyagwa na kwato, maji yamejaa tope.

Wote ni ukoo mmoja. Mmoja alitoka kwetu akatajirika kwa ng'ombe, mwingine mwenyeji anafukuzwa na ng'ombe haohao. Na ukipita kwa gari ukamwona mweupe anang'aa juu ya nyasi utasema ndege wako wengi, mazingira ni mazuri.

#21 FundiHesabu

Hii hoja nimeipenda kuliko ile ya 2012. Mngeanza nayo tusingegombana.

#22 Darubini254

Wadau hamjambo, nasoma kutoka Nairobi. Mmenifurahisha ila mmesahau kwamba hata sisi huku tuna kulastara wetu aliye pabaya kumshinda agami. Kulastara wa Madagaska, *Ardeola idae*. Yeye yuko daraja moja juu ya lile alilopewa agami 2012, kwenye walio hatarini zaidi, na wengi humu wamewahi kumpita bila kumjua.

Huyu huzaa Madagaska, na wachache visiwa vya Aldabra, Mayotte na Europa. Huzaa kuanzia kama Oktoba hadi Machi. Wakati huo ni mweupe pepepe na mdomo wa samawati wenye ncha nyeusi, mrembo kweli. Kisha anabadilisha nguo, anakuwa kahawia mwenye michirizi, na kama Mei anavuka kuja bara: Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, mpaka Zambia na Malawi. Anakaa mpaka Oktoba hivi. Hata Mbuga ya Taifa ya Nairobi ameonekana, kwenye mabwawa, majengo ya jiji yakionekana nyuma.

Na kwa faida ya FundiHesabu: huyu angalau makadirio ya idadi yapo, yanataja maelfu machache tu duniani kote.

#23 FundiHesabu

Sasa hapo tunaongea lugha moja. Wanamuua nini?

#24 Darubini254

Mayai na makinda kuchukuliwa kwenye koloni, hilo ni kubwa. Mabwawa kugeuzwa mashamba ya mpunga. Na kuna ndugu yake wa kawaida, *Ardeola ralloides*, ambaye hutaga kwenye miti ileile na amekuwa mwingi, inadhaniwa anamsonga. Nchi anazopita ziliandaliwa mpango wa pamoja mwaka 2008 chini ya mkataba wa ndege wa majini wanaohama, AEWA. Utekelezaji, mnajua wenyewe mambo ya mipango.

Ila kuna kitu kinafurahisha. Moja ya makoloni yake linalojulikana sana liko katikati ya jiji la Antananarivo, kwenye bustani ya Tsarasaotra, ziwa la Alarobia. Ni ardhi ya mtu binafsi, na tangu 2005 imo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya maeneo muhimu ya kinamasi na maji. Nje ya ukuta ni magari na soko, ndani ni miti imejaa ndege.

#25 MwalimuJongo

Kwa hiyo wa Madagaska anaweza kuzaa mjini akiachwa tu. Agami hawezi hilo.

#26 Darubini254

Ukimpa mti, maji na ukuta wa kuzuia watoto wa kuchukua mayai, anazaa. Agami anahitaji kinamasi cha kuzalia na msitu wa kuishi, viwili tofauti, sehemu mbili tofauti. Ukilinda kimoja peke yake umefanya nusu ya kazi. Nafikiri hapo mtoa mada yuko sahihi kuhofia makoloni, lakini FundiHesabu asitupiwe mawe sana, kwa sababu wale wa ramani ya msitu nao walikuwa wanapima ile nusu nyingine.

#27 Kipanga_Mweusi

Nimekusoma Darubini, na nakubali. Guyana ya Ufaransa yenyewe msitu upo, zaidi ya asilimia tisini ya nchi bado ni miti, na koloni liko ndani ya hifadhi. Ndege wakishavuka mpaka, sheria ya Paris haiwafuati.

#28 BintiMkwajuni

Mie sina la kitaalamu. Nauliza tu, mtu akipata pesa zake akitaka kumwona agami bila kuwatimua kwenye mayai, aende wapi? Msinijibu "Yutubu".

#29 Kipanga_Mweusi

Kosta Rika ndiko rahisi zaidi. Mifereji ya Tortuguero, pwani ya Karibi, wanamwona huko akiwa anavua, mbali na viota. Kuna Caño Negro pia, karibu na mpaka wa Nikaragua. Ekwado wanampata vijito vya Cuyabeno na Mto Napo. Chukua mwongozaji mwenyeji, boti ndogo, alfajiri, na umwambie azime injini mkikaribia kivuli. Usimruhusu kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili aje. Akifanya hivyo mbadilishe. Na jipange kisaikolojia, unaweza kurudi umeona kila kitu isipokuwa yeye.

#30 ShambaniKwetu

Wakuu, huyu alikuwa kwenye lambo langu jana jioni, kahawia, ana michirizi shingoni, akiruka mabawa meupe tupu. Nimeambatanisha picha. Ni yule wa Madagaska?

#31 Darubini254

Nimeikuza. Michirizi ya shingo ni myembamba na iliyopauka, mgongo ni wa kahawia ya mchanga, mdomo mwembamba. Wa Madagaska angekuwa na michirizi minene yenye giza, mgongo mweusi zaidi na mdomo mnene. Huyo wako ni yule ndugu yake wa kawaida. Lakini usiache kupiga picha, hasa kuanzia Mei, na akirudi jaribu kumpata akiwa amesimama na wa pili kando yake tulinganishe.

#32 ShambaniKwetu

Sawa mkuu. Kuna wawili wengine upande wa pili wa lambo, ila mbwa aliwatimua. Nitamfunga.